Mashine ya Boti ya Mtumba Haiwaki: Fuata Dalili Mpaka Kwenye Chanzo

Mashine ya boti iliyokaa miaka bila kuguswa huwa na magonjwa ya aina mbili. Kuna lile lililomfanya mwenyewe wa kwanza aiweke pembeni, na kuna yale yaliyoletwa na kule kukaa: petroli iliyogeuka gundi ndani ya kabureta, impela (feni ya mpira inayosukuma maji ya kupoza) iliyokakamaa, plagi zenye kutu, mipira iliyopasuka. Wanunuzi wengi wa mtumba wanahangaika kwa sababu wanatafuta tatizo moja, na yapo matatu. Mtu anasafisha kabureta, mashine haiwaki, anaamua kabureta haikuwa na shida. Kumbe ilikuwa nayo, ila koili nayo imekufa.

Kwa hiyo anza na magonjwa ya kukaa, yote, hata yale ambayo huna uhakika nayo. Yakishaondoka, ule ugonjwa wa asili hujitokeza wenyewe. Lakini kabla ya kununua kipuri chochote, pima kwanza kama injini ina uhai wa kustahili gharama hiyo.

Maelezo haya yanalenga zaidi tustroki (zinazochanganyiwa oili kwenye petroli) zenye kabureta, za nguvu ya farasi 2 hadi 40, maana ndizo zinazozunguka zaidi kwenye soko la mtumba. Za fostroki (zenye oili yake tofauti) zimetajwa pale zinapotofautiana.

Vipimo vya kwanza, petroli ikiwa bado mbali

Weka gia kwenye nyutro, toa plagi zote, kisha zungusha flaiwili (gurudumu zito lililo juu ya injini) kwa mkono taratibu kuelekea mshale wa saa, ukiitazama kutoka juu. Usiirudishe nyuma: mabawa ya impela ya maji yamejikunja kufuata mzunguko huo, na yakilazimishwa upande wa pili huku yamekauka huvunjika. Inatakiwa izunguke laini mzunguko mzima. Ikikwaruza mahali pamoja kila mara, kuna beringi yenye kutu au ukuta wa silinda uliochunika.

Kisha pima kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa ndani ya silinda. Funga geji kwenye tundu la plagi, fungua aksileta mpaka mwisho, chomoa klipu ya kamba ya usalama ili moto wa plagi (cheche) usitoke, halafu vuta kamba ya kuwashia kwa nguvu ileile mara tano au sita mpaka mshale wa geji usipande tena. Rudia kila silinda. Tustroki nyingi ndogo zikiwa na afya husoma kati ya 90 na 130 psi. Namba yenyewe si kitu sana, kwa kuwa geji hutofautiana na baadhi ya mashine za zamani sana zilitengenezwa na kompresheni ndogo. Kinachosema ukweli ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 10 hadi 15, kuna jambo. Silinda moja 115 na ya pili 70 maana yake ringi zimekwama, gasketi ya silinda hedi imeungua, au pistoni imechunika.

Ili kujua ni lipi, tia kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye silinda dhaifu, zungusha mara mbili, pima tena. Ikipanda sana, ni ringi. Isiposogea, fikiria gasketi. Ringi zilizokwama kwa masizi mara nyingine huachia zenyewe baada ya kulowekwa usiku kucha na dawa ya kuondoa kaboni, kwa hiyo usiihukumu mashine kwa kipimo cha siku ya kwanza. Kwa fostroki, fahamu kwamba baadhi zina kifaa kwenye kemshafti kinachoachia kompresheni wakati wa kuwasha. Namba ndogo inayolingana kwenye silinda zote inaweza kuwa ya kawaida kabisa.

Kipimo cha mwisho ni oili ya gia. Mguu wa mashine una skrubu mbili, moja chini karibu na propela na nyingine juu yake. Acha mashine imesimama wima angalau usiku mmoja, weka chombo, legeza ile ya chini kidogo tu bila kugusa ya juu. Kama kuna maji, yatatangulia kutoka, kwa kuwa ni mazito kuliko oili na yametuama chini. Oili nyeupe kama maziwa inaonyesha maji yamechanganyika, yaani sili imeshindwa. Oili nyeusi ila safi ni uzee tu. Vumbi laini la chuma kwenye ncha ya skrubu yenye sumaku ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si kawaida, na hapo bei ya mashine lazima ijadiliwe upya.

Injini imeganda, haizunguki

Usining'inie kwenye kamba. Hakikisha kwanza kwamba haiko kwenye gia na kwamba kamba yenyewe haijanasa ndani ya kifuniko chake. Ikiwa flaiwili haitikisiki kabisa, jaza kila silinda kupitia tundu la plagi mafuta ya kulegeza kutu, au mchanganyiko wa nusu oili ya gia ya otomatiki na nusu asetoni. Iache ilowe siku tatu hadi wiki, ukiongeza kila siku.

Halafu tia spana kwenye nati ya flaiwili, upande wa kukaza, na usukume kidogo kidogo. Ikisogea hata milimita, simama, ongeza mafuta, rudi kesho. Anayelazimisha huvunja ringi, na kipande cha ringi kikiingia kwenye tundu la ekzosti huondoka na pistoni. Ikishafunguka, futa mafuta yote kwa kuzungusha flaiwili plagi zikiwa nje, ukiwa umefunika matundu kwa kitambaa.

Kama injini imeganda na propela pia haizunguki ikiwa nyutro, shida inaweza kuwa ndani ya giaboksi wala si kwenye silinda. Shusha mguu, yaani fungua boliti zake uutenganishe na injini. Flaiwili ikizunguka baada ya hapo, umeokoa siku tatu za kusubiri.

Inazunguka, ina kompresheni, haiwaki

Hapa watu hukimbilia kabureta. Subiri. Kuna jaribio la dakika mbili linaloligawa tatizo katikati.

Changanya petroli mpya na oili, tia kijiko kimoja cha chai moja kwa moja kwenye kila silinda, rudisha plagi, vuta kamba. Ikikohoa au ikiwaka sekunde mbili tatu halafu ikazima, moto wa plagi upo na kompresheni ipo: tatizo ni petroli haifiki. Isipokohoa hata kidogo, anza na moto. Usitumie dawa ya kupuliza ya kuwashia injini kwenye tustroki. Huosha oili kwenye beringi na kwenye ukuta wa silinda, na mashine hizi hazina oili nyingine ya kujitetea.

*Hakuna moto*

Kamba ya usalama kwanza. Mashine za mtumba mara nyingi huuzwa bila klipu yake, na bila klipu swichi ya kuzimia inabaki imepiga shoti kwenye bodi ya injini muda wote. Hata klipu ikiwepo, swichi zenyewe huingia chumvi. Fuatilia waya wa swichi mpaka kwenye kiunganishi chake karibu na injini, uuchomoe, jaribu tena. Moto ukirudi, swichi ndiyo mbaya. Kumbuka kwamba sasa mashine haitazimika kwa kitufe. Utaizima kwa kufunga choki.

Kupima moto, tumia kipima moto chenye pengo linalorekebishika, si plagi peke yake. Cheche inayoruka pengo dogo la plagi hewani inaweza kushindwa kuruka ndani ya silinda iliyobanwa. Mfumo wa platini (ncha mbili za chuma zinazofunguka na kujifunga kutoa moto) unatakiwa uruke takriban milimita 6, na wa elektroniki milimita 10 au zaidi, rangi ya buluu na mlio wa kupasuka. Cheche nyembamba ya njano ni dhaifu. Funika matundu ya plagi kwa kitambaa wakati wa jaribio, kwa sababu mvuke wa petroli unaotoka pale hushika moto.

Moto usipokuwepo, endelea hivi:

1. Fungua waya wa bodi (wa ethi) kutoka kwenye koili na kwenye kisanduku cha CDI (cha elektroniki kinachotoa moto wa plagi), piga msasa vituo vyake mpaka chuma kionekane, funga tena. Chumvi hufanya kutu ya kijani chini ya boliti ambayo huioni mpaka ufungue.
2. Kagua waya wa plagi na kofia yake. Kofia nyingi zimesokotwa kwenye waya. Ifungue, kata milimita 5 za ncha iliyooza, isokote tena.
3. Kama kuna silinda mbili na moja tu haina moto, badilishana koili. Tatizo likihamia silinda ya pili, koili imekufa. Lisipohama, chanzo kiko chini ya flaiwili au kwenye CDI.
4. Silinda zote zikikosa moto kwa pamoja, shuku kitu kinachotumika na zote: swichi ya kuzimia, koili ya kuchajia iliyo chini ya flaiwili, au CDI.

Mashine zenye platini zinahitaji flaiwili itolewe. Fungua nati, tumia pula inayofungwa kwa boliti kwenye matundu matatu ya katikati. Usivute kwa kushika ukingo wa nje, utaipinda au utavunja sumaku. Platini zilizokaa hufunikwa na utando usiopitisha umeme. Mara nyingi inatosha kupitisha kipande cha karatasi safi kilichoguswa na spiriti kati ya ncha mbili, mara kadhaa. Kisha pima pengo likiwa wazi kabisa: 0.35 hadi 0.5 mm kulingana na mtengenezaji. Koili za miaka hiyo hupasuka plastiki yake. Ukiona nyufa, badilisha bila kujadiliana nazo.

Tahadhari moja kuhusu multimita. Inapima upinzani wa koili vizuri, na kulinganisha silinda mbili kunasaidia sana. Lakini volti zinazoingia na kutoka kwenye CDI ni za mpigo mfupi mno, na multimita ya kawaida itakuonyesha namba ya uongo. CDI nyingi nzima zimetupwa kwa sababu hiyo.

*Moto upo, petroli haifiki*

Mwaga petroli yote ya zamani, ya kwenye tangi na ya kwenye mpira. Petroli iliyokaa hunuka kama vanishi. Yenye ethanoli hunyonya unyevu mpaka maji yanajitenga na kushuka chini. Weka kidogo kwenye chupa ya kioo kwa dakika kumi na utaona mstari.

Kwa mchanganyiko, fuata kibati au kitabu cha mashine. Wa 50:1 ni mililita 20 za oili kwa lita, yaani 100 kwa lita 5. Wa 25:1 ni mara mbili yake, na mashine za zamani zenye bushi badala ya beringi zinauhitaji; usizipunguzie oili kwa kusikia kwamba oili za siku hizi ni bora. Tumia oili ya boti yenye alama TC-W3. Tia oili kwanza kwenye nusu ya petroli, tikisa, ndipo ujaze iliyobaki.

Sasa minya pampu ya mkono iliyo kwenye mpira wa petroli, mshale wake ukielekea kwenye injini. Pampu hiyo inasema mengi kwa anayeishika:

Ikibaki laini hata ukiminya mara thelathini, inavuta hewa mahali fulani kati yake na tangi, au vali zake za ndani zimekufa, au petroli inamwagika mbele kwa sababu sindano ya floti haifungi. Angalia mdomo wa kabureta: petroli ikitiririka pale, ni sindano. Ikikauka na kubaki imebonyea, tundu la hewa la tangi limefungwa au mrija wa ndani ya tangi umeziba. Ikiwa ngumu vizuri lakini injini haipati kitu, kizuizi kiko mbele: filta, kiunganishi, au kabureta.

Mpira wenyewe, ukiwa na zaidi ya miaka michache na umekauka, badilisha wote na klipu zake. Tabaka la ndani la mipira ya zamani hujichubua na kufanya kijilango kinachofunga petroli inapovutwa kwa kasi; kwa nje mpira unaonekana mzima.

Kabureta hutolewa kwa boliti mbili au nne. Piga picha ya kila kiungo kabla. Fungua kikombe cha chini, toa floti, sindano, jeti (vitundu vinavyopima petroli), na skrubu ya mchanganyiko wa chini. Skrubu hiyo, kabla ya kuitoa, ikaze taratibu mpaka iguse huku ukihesabu mizunguko, uandike. Ukikosa kumbukumbu, mzunguko mmoja na nusu kutoka kwenye kugusa ni mahali pazuri pa kuanzia. Toa vitu vyote vya mpira na plastiki ndipo uloweke mwili wa kabureta kwenye dawa.

Kosa linalofanya watu wasafishe kabureta ileile mara tatu liko kwenye njia ya sailensa, ule mzunguko wa chini wa injini ikiwa aksileta haijafunguliwa. Jeti kubwa unaiona, unaisafisha, unaridhika. Njia ya sailensa ina matundu membamba kama unywele yanayofunguka ndani ya koo la kabureta, nyuma ya kipepeo. Puliza dawa kupitia tundu la skrubu ya mchanganyiko na uangalie inatoka kwenye kila kitundu. Kisipotoa kimoja, haijasafika. Zibua kwa uzi mmoja wa waya wa shaba uliotolewa kwenye waya wa umeme, kamwe si kwa sindano ya kushonea wala kibiti cha drili. Tundu la jeti likitanuka hata kidogo, kabureta haitakaa sawa tena.

Unaporudisha, pindua kabureta juu chini: floti iliyo sawa hulala sambamba na uso wa gasketi. Badilisha gasketi na sindano. Seti nzima ya vipuri hivi ni nafuu kuliko kabureta mpya, na kabureta za bandia zinazouzwa nyingi zina jeti zisizolingana na injini, kwa hiyo iliyo ya asili ikiwa haijaliwa na kutu ndiyo ya kuhifadhi.

*Petroli imezidi*

Plagi zinatoka zimelowa kila mara. Kausha, fungua aksileta yote, choki wazi, vuta mara kumi bila kuminya pampu. Ikirudia kulowa, ama sindano ya floti inavuja, ama utando wa pampu ya petroli umetoboka. Pampu hii haina mota. Inasukumwa na mapigo ya hewa kutoka kwenye krenki kesi. Utando ukitoboka, petroli hupitia tundu lilelile la mapigo na kuingia moja kwa moja kwenye injini. Fungua skrubu zake, shika utando dhidi ya mwanga. Tundu la ncha ya pini linatosha kusumbua.

Inawaka vizuri, inazima baada ya dakika chache

Angalia muda. Ikizima baada ya dakika moja au mbili, imemaliza petroli ya kwenye kikombe cha kabureta na mpya haiji. Ikianza kudhoofika, minya pampu ya mkono. Ikifufuka kwa kuminya, pampu ya petroli ya injini haivuti, au hewa inaingia. Fungua pia kifuniko cha tundu la hewa la tangi; hili limewarudisha watu wengi nchi kavu kwa makasia.

Ikizima baada ya robo saa, ikiwa moto, na kukataa kuwaka mpaka ipoe, pima moto wa plagi papo hapo kabla haijapoa. Koili hufunguka ndani zikipata joto na kujifunga zikipoa. Ukisubiri nusu saa ndipo upime, utakuta moto mzuri na hutajua kitu.

Unaifanyia majaribio kwenye pipa? Basi kuna chanzo kingine kisichohusu injini. Moshi wa ekzosti unatoka ndani ya maji na kujaa juu ya pipa, injini inavuta moshi wake yenyewe, inakosa hewa, inazima. Elekeza hewa, au fungua boneti, au tumia pipa kubwa zaidi.

Sailensa mbaya, mwendo wa juu mzuri. Au kinyume chake

Ikizima kila unapoipunguza na kwenda vizuri ukiifungulia, ni ile njia ya sailensa ya kabureta. Kama imesafishwa kweli, tafuta hewa inayoingia pasipo ruhusa: gasketi ya kabureta, au oilsili ya krenki. Puliza mafuta mepesi kidogo kuzunguka gasketi injini ikiwa sailensa. Mlio ukibadilika, umepata. Oilsili ya chini ya krenki ni kazi kubwa, na dalili yake nyingine ni oili nyeusi ya mchanganyiko kuchuruzika kwenye sehemu ya juu ya mguu.

Petroli ikirudi nyuma na kurushwa nje kupitia mdomo wa kabureta, vibati vyembamba vya vali nyuma ya kabureta vimevunjika au vimekaa wazi. Kipande kilichovunjika kimeenda ndani. Kitafute kabla ya kuwasha tena.

Ikiwa nzuri chini lakini haina nguvu juu: jeti kubwa imeziba nusu, filta imejaa, au silinda moja haifanyi kazi. Kwenye mashine ya silinda mbili, iwashe kwa dakika mbili, izime, nyunyizia maji kidogo kwenye silinda hedi. Upande ambao maji hayakauki upesi ndio uliolala. Usichomoe waya wa plagi kwa mkono injini ikizunguka. CDI haipendi na mkono wako pia.

Plagi zenyewe zisomwe. Kahawia ni nzuri. Nyeusi na mbichi ni petroli au oili nyingi, ama moto dhaifu. Nyeupe yenye vijipele ni joto kupita kiasi au petroli pungufu, na hapo simama kabla pistoni haijayeyuka. Inayopaswa kukushtua ni plagi moja iliyo safi kuliko mwenzake, inang'aa kana kwamba imeoshwa. Imeoshwa kweli: maji yanaingia kwenye silinda hiyo kupitia gasketi, na mvuke unasugua masizi. Unaponunua mpya, soma namba yote. Kwa NGK, B7HS na B7HS-10 hutofautiana pengo, hiyo ya pili ni 1.0 mm, na namba 8 ni baridi kuliko 7.

Maji ya kupoza hayatoki kwenye tundu la kuonyesha

Zima. Sekunde chache bila maji zinaharibu impela, dakika chache zinaharibu silinda.

Choma tundu lenyewe kwanza kwa waya. Nyigu na matope hupenda kuishi humo. Likiwa wazi na maji hayaji, shusha mguu. Kwa kweli kwenye mashine ya mtumba impela ibadilishwe hata kama maji yanatoka, kwa sababu hujui umri wake na mpira uliokaa hujikunja kwa upande mmoja usirudi.

Boliti nne hadi sita, pamoja na kiungo cha fito ya gia. Juu ya mguu utaona nyumba ya impela. Ikifunguka, hesabu mabawa. Bawa lililokosekana limepanda na maji na limekwama kwenye bomba au chini ya thamostati (vali inayofunguka maji yakipata joto); lisipotolewa, impela mpya haitasaidia. Angalia pia kikombe cha chuma na bati la chini yake. Vikiwa na mifereji unayoihisi kwa ukucha, badilisha. Paka grisi kidogo ndani ya kikombe, rudisha kii (kipande kidogo cha chuma kinachozuia kuteleza) kwenye shafti, na wakati unasukuma nyumba kushuka zungusha shafti kuelekea mshale wa saa ili mabawa yalale upande wake. Unaporudisha mguu, hakikisha bomba la maji limeingia kwenye mpira wake na gia iko mahali pamoja na mkono wa gia juu. Grisi ipakwe kwenye meno ya shafti tu, si kwenye kichwa chake. Grisi iliyonaswa pale juu huzuia shafti kukaa mpaka mwisho.

Maji yakitoka lakini ni ya moto sana au mvuke, njia za ndani zimejaa chumvi au thamostati imekwama. Itoe thamostati, iweke kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 50 na 62. Iliyokwama imefungwa hupika injini. Kuiondoa kabisa nayo si dawa, injini itaenda baridi na plagi zitachafuka. Chumvi huyeyuka kwa maji safi ya uvuguvugu yaliyopitishwa muda mrefu. Magamba magumu yanahitaji siki, ukiloweka saa kadhaa na kusuuza sana.

Injini inalia, boti haiendi

Kwenye mashine ndogo, pini ya propela imekatika. Ndiyo kazi yake. Weka pini ya saizi na chuma kilekile. Msumari utakaa imara, na siku propela ikigonga mwamba zitakatika gia badala ya pini.

Kwenye kubwa zaidi, propela ina mpira kati ya kitovu cha ndani na mwili wa nje. Ukiteleza, boti huenda polepole vizuri lakini ukifungulia injini inapanda mlio bila mwendo. Chora mstari wa rangi kuvuka kitovu na mwili, nenda majini, fungulia, rudi utazame. Mstari uliokatika haubishaniwi.

Propela ikiwa nje, tazama nyuma yake. Mshipi wa nailoni unaojisokota kwenye shafti hukata oilsili, na hapo ndipo maji mengi ya kwenye oili ya gia yanapoingilia. Badilisha sili, tia oili ya gia ya boti kutoka skrubu ya chini mpaka itoke ya juu bila mapovu, funga ya juu kwanza, ndipo utoe bomba na kufunga ya chini. Tumia washa (ringi za skrubu) mpya kila mara.

Gia inayoruka kwa kishindo mzigo ukiongezeka ina meno ya klachi yaliyoviringika. Kurekebisha fito huenda kukasaidia kwa muda. Zaidi ya hapo ni kufungua giaboksi.

Inarusha kamba mkononi, inapiga makombora

Kii ya flaiwili imekatika nusu, na flaiwili imehama. Moto unatoka wakati usio wake. Itoe flaiwili, badilisha kii, safisha koni ya shafti na tundu lake kwa spiriti zikauke kabisa bila mafuta, kaza nati kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Nati iliyolegea ndiyo iliyoikata ya kwanza.

Zenye stata ya umeme

Mlio wa tiki peke yake huwa ni betri au vituo vyenye kutu kabla ya kuwa stata. Na usichomoe betri injini ikiwa inazunguka; rektifaya huungua papo hapo.

Kwa fostroki

Pima oili mashine ikiwa wima. Ikiwa imezidi mstari na inanuka petroli, usiwashe: imwage, tafuta pampu ya petroli iliyotoboka. Jeti za sailensa za kabureta zake ni ndogo kuliko za tustroki, hivyo petroli iliyokaa miezi michache tu inatosha kuziziba.

Safari ya kwanza

Ifunge kwenye boti au pipa, maji yakifunika bati lililo juu ya propela. Ukitumia vikombe vya bomba la maji nchi kavu, toa propela na usizidishe mwendo wa chini. Injini isiyo na mzigo hupanda kasi mpaka inajivunja. Moshi mzito wa dakika kumi za mwanzo ni oili uliyomimina kwenye silinda, uache uishe.

Nenda mwendo wa nusu kwa dakika ishirini, ukiwa karibu na ufuko na una makasia. Izime, gusa silinda hedi kwa haraka: mkono uvumilie sekunde moja au mbili. Ikishapoa kabisa, toa plagi usome rangi, pitia boliti za silinda hedi kuanzia katikati kwenda nje kwa nguvu ya kitabu, na baada ya saa chache za kazi legeza tena ile skrubu ya chini ya mguu uone kama oili mpya bado ina rangi yake.